Habari za Maisha ya Askofu Hirth, Mtu wa Mwendo wa Polepole

Katika kitabu hiki cha yubilei sisi walimu wa dini tumeombwa kuandika habari za mmoja wa wazee walioileta Injili katika nchi hizi za magharibi ya Ziwa Nyanza. Tumemchagua Askofu Yohane Yosefu Hirth. Si yeye aliyejenga kanisa letu hapa Kanazi, wala watoto wa katekisimu hawalitaji jina lake katika nyimbo zao. Lakini katika siku zile za mwanzo Bukoba na Karagwe, Usukuma na Ukerewe, na Rwanda yote ng'ambo ya Kagera, yaani nchi kubwa inayotuzunguka karibu pande zote, zilikuwa chini ya fimbo yake ya kiaskofu. Na mambo mengi tuyafanyayo leo bila kujiuliza yaliwekwa na mkono wake. Tena iko sababu nyingine. Wazee wa misioni husifiwa sana kwa ujasiri na kwa moto wa roho. Huyu tutamsifu kwa jambo ambalo watu hawana desturi ya kulisifu, nalo ni kungoja. Tutasema pia, bila kuficha, pale ambapo kungoja kwake kulikuwa na hasara.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1854 katika kijiji cha Niederspechbach, nchi ya Alsace, ambayo wakati ule ilikuwa ya Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka 16 vita vilitokea kati ya Wafransa na Wadachi, na mwaka 1871 Alsace ikatwaliwa na Wadachi. Basi mtoto aliyezaliwa Mfransa akajikuta raia wa Kaizari, na kijiji ni kilekile, na kisima ni kilekile. Wenyeji wa Ngara wanalielewa jambo hili kuliko watu wengine. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Bugufi, iliyokuwa nchi ya mfalme wa Urundi, ilibaki upande wa Waingereza, na Urundi penyewe pakawa pa Wabelgiji. Ndugu wa ukoo mmoja wakatengwa kwa mstari uliochorwa juu ya karatasi. Mtu aliyezaliwa mpakani hujifunza mapema ya kuwa neno moja laweza kusikiwa kwa njia mbili na watu wawili.

Akaingia katika chama cha Mapadre Weupe, ambacho Kardinali Lavigerie alikianzisha huko Algiers, akapewa daraja ya upadre mwaka 1878. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya safari wala ya hatari. Alipelekwa Yerusalemu, katika nyumba ya Mtakatifu Anna, kuwafundisha seminaristi Wakristu wa Mashariki, wenye liturjia ya Kigiriki. Amri ya Kardinali juu ya nyumba ile ilikuwa kali: vijana wale wasigeuzwe kuwa Walatini, bali wabaki katika sala na desturi za baba zao, na mapadre ndio watakaojifunza desturi zile. Sisi twadhani ya kuwa huko Yerusalemu, katika darasa la watoto, ndiko Padre Hirth alikopata mbegu ya mambo aliyoyatenda baadaye. Lakini mbegu haikuota mara moja, kama tutakavyoona.

Mwaka 1887 alifika Afrika, akakaa Bukumbi, kusini ya Ziwa, karibu na Mwanza ya leo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Mei 1890, Padre Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapera, alifariki dunia huko Buganda. Siku 13 tu baada ya kifo hicho, yaani tarehe 25 Mei, Askofu Livinhac alimweka wakfu Padre Hirth kuwa askofu, kisha akaondoka kwenda kuwa mkuu wa chama chote. Basi askofu mpya, mwenye umri wa miaka 36, mwalimu wa shule asiyekaa Buganda hata siku moja, akaachiwa Buganda.

Na Buganda ya wakati ule ilikuwa chungu kilichofunikwa juu ya moto. Wasomaji walikuwa wamegawanyika. Wakatoliki waliitwa Wafransa, Waprotestanti waliitwa Waingereza, na kila upande ulikuwa na machifu wake na bunduki zake. Mfalme Mwanga alielekea upande wa Wakatoliki. Desemba 1890 akafika Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Waingereza, pamoja na askari wake na bunduki ya Maxim. Katika hali hiyo hakuna jambo dogo. Ndivyo ilivyokuwa: mnamo Januari 1892 watu wawili wakagombana Mengo kwa ajili ya bunduki moja, na Mprotestanti mmoja akauawa. Shauri likapelekwa kwa mfalme, naye akaamua ya kuwa yule Mkatoliki alikuwa akijitetea. Lugard akadai hukumu igeuzwe, mfalme akakataa. Usiku Lugard akawagawia Waprotestanti bunduki, na Jumapili tarehe 24 Januari vita vikaanza. Kanisa la Rubaga likateketea. Mfalme na Askofu wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na siku chache baadaye kisiwa nacho kikapigwa kwa bunduki ya Maxim. Watu wengi, na wanawake na watoto pamoja nao, wakazama majini walipokuwa wakiyagombania mashua. Askofu alipona, akavuka Ziwa.

Wako waandishi wa historia wanaomlaumu Lugard kwa kugawa bunduki. Wako wengine wanaomlaumu Askofu Hirth, ya kuwa alisimama mno upande wa watu wake, wala hakuwatuliza mapema, bali aliona ushindi wa Wafransa kuwa ushindi wa Kanisa. Sisi hatukuwapo, lakini hatuoni haya kusema ya kuwa lawama hii ina uzito. Mchungaji anapochukuliwa na chama cha watu hupotewa na nusu ya kondoo kabla hawajazaliwa. Askofu Hirth hakuwa mtu wa hila, wala hakuwa mtu wa vita. Alikuwa mgeni aliyeshika mambo moto kwa mkono mtupu. Kumbukumbu ya majivu ya Rubaga hatuwezi kuitenga na maisha yake yote yaliyofuata.

Desemba 1892 misioni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba, katika nchi ya Wadachi. Hapo ndipo tunapomwona mtu mwingine. Mwanzoni waliojaa Kashozi walikuwa hasa Waganda waliokimbia, wala si wenyeji. Bakama wa Bukoba waliwatazama kwa hofu, maana kwao msomaji alikuwa ni mtu aliyeponyoka mkononi mwa bwana wake. Mukama Kahigi wa Kihanja, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Wadachi, hakuwa rafiki wa misioni. (Mji wake uliitwa Kanazi, lakini ni ile Kanazi ya Bukoba, si Kanazi yetu, wageni huzichanganya mara nyingi.) Ingalikuwa rahisi kwa Askofu, Mwalsace ajuaye Kidachi, kwenda kwa wakuu wa boma na kuwaomba wawalazimishe Bakama. Lakini njia aliyoishika ilikuwa nyingine, yaani kanuni ya Kardinali Lavigerie ya miaka minne: mtu ajaye kusoma akae kwanza miaka miwili akiomba na kuangaliwa, kisha miaka miwili mingine awe mkatekumeni, ndipo abatizwe. Mapadre wengine waliona kanuni hiyo kuwa ndefu mno. Watu wanakufa, walisema, na wenzetu wa madhehebu mengine hawangoji. Lakini miaka minne haikuwa ya mwanafunzi peke yake. Katika miaka minne mzazi huzoea, bwana huzoea, jirani aliyetukana huona ya kuwa msomaji bado analima na bado anawasalimu wazee kwa heshima. Mwaka 1894 Roma iliigawa vikariati yake, sehemu za Uganda zikapewa maaskofu wengine, na yeye akabaki na Nyanza ya Kusini.

Hapa wasomaji watuwie radhi tukisema neno la kwetu. Tulipotumwa mara ya kwanza katika kigango, tungali vijana, palikuwa na mzee mmoja mwenye wake wawili. Alipenda sana kusikiliza, akaja kila Jumapili na kukaa karibu na mlango. Sisi, kwa bidii ya ujana, tulimwambia mbele ya watu ya kuwa amwache mke wa pili au asijisumbue kuja. Neno lilikuwa la kweli kwa katekisimu. Mzee aliondoka taratibu, akaitikia kwa adabu, hakurudi tena mpaka alipokufa. Na yule mke wa pili aliwakataza watoto wake wasikanyage kanisani. Tangu siku ile tukisoma habari za Askofu Hirth hatuzisomi kama habari za kale.

Sasa tuje Rwanda, maana huko ndiko upole wake ulikojaribiwa kuliko mahali pengine po pote. Rwanda ilikuwa ufalme wenye nguvu, na mji wa mfalme ulikuwa na jeraha jipya. Mwaka 1896, huko Rucunshu, mfalme kijana Rutarindwa alipinduliwa, na mahali pake akawekwa Musinga, aliyekuwa bado mtoto. Wenye nguvu walikuwa mama yake Kanjogera na kaka wa mama huyo, jina lake Kabare. Watu wa namna hii huogopa kila mgeni, na kila neno hulipima mara mbili. Askofu Hirth hakuenda mbio. Kutoka kusini ya Ziwa alizunguka kwa njia ya Ushirombo na Urundi hata Usumbura, alipokaa mkuu wa askari Wadachi, ili asionekane kuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Ndipo akapanda milima kwenda Nyanza, mji wa mfalme. Alifuatana na Padre Brard, Padre Barthélemy na Bruda Anselme, pamoja na wapagazi na wasaidizi, na wengine kati yao walikuwa Wakristu Waganda. Walifika tarehe 2 Februari 1900.

Wakapokewa kwa heshima. Wakaletwa mbele ya mfalme, wakatoa zawadi zao za nguo, wakaeleza ya kuwa wanaomba mahali pa kukaa na kufundisha. Baadaye ilijulikana ya kuwa yule waliyemwona katika kiti cha enzi hakuwa Musinga, bali mtu mwingine, jina lake Mpamarugamba, aliyewekwa pale ili mfalme wa kweli asionwe na macho ya wageni. Twapenda kulitafakari jambo hili. Askofu alikuja kwa tahadhari, na mji wa mfalme nao ulimpokea kwa tahadhari kubwa zaidi. Kila upande ulimpapasa mwenzake kama watu wawili wanaokutana gizani njiani. Wala Askofu hakulifanya jambo hilo kuwa tusi.

Wakuu hawakuwapa mahali karibu na mji. Waliwapa kilima cha Save, upande wa kusini, na misioni ikaanza hapo tarehe 8 Februari. Tena walionyesha wazi ya kuwa mafundisho yawe ya watu wa chini. Watoto wa wakuu wasiguswe. Askofu akakubali. Akaandika na kuwaagiza mapadre wake wajifunze lugha na desturi, wauheshimu mji wa mfalme, wala wasiingie katika mashauri ya ng'ombe na mashamba. Mwezi wa Novemba mwaka ule misioni ya Zaza ikaanzishwa katika nchi ya Gisaka, ambayo si mbali nasi, ng'ambo ya Kagera. Na mwaka 1901 Nyundo, upande wa Kivu.

Lakini agizo ni jambo moja, na mtu ni jambo jingine. Padre Brard, mkuu wa Save, alikuwa mtu wa bidii isiyojua mpaka. Alitaka Save yote ije kusoma, na upesi. Akasikiliza mashauri, akaamua, akaamuru. Watu waliodhulumiwa na machifu wakakimbilia misioni kama kimbilio, nao machifu wakaona ya kuwa mfalme wa pili amezaliwa Save. Mabaya zaidi yalitoka kwa wasaidizi. Wale walimu wa Kiganda, walioletwa ili kufundisha sala, baadhi yao waligeuka kuwa mabwana: walitwaa vitu vya watu, waliwapiga, waliwakokota watu kuja darasani. Jambo hili latuchoma sisi walimu kuliko wengine wote. Padre hukaa misioni, na mtu wa kijijini humwona mara chache; mwalimu ndiye anayeonekana kila siku, na dini huhukumiwa kwa uso wake. Askofu, aliyekaa mbali upande wa Ziwa, alionya kwa barua, na barua zilikwenda kwa miguu ya watu. Mwaka 1904 chuki iliyojikusanya ikatoka nje, na misioni kadha wa kadha zikatishwa au kushambuliwa. Mwaka 1906 Padre Brard aliondoka Rwanda, na baadaye akaingia katika monasteri ya Wakarthusi, watawa ambao maisha yao ni kimya. Walimu wageni nao wakapunguzwa kidogo kidogo, mahali pao pakashikwa na wenyeji.

Pana jambo hapa ambalo hatuwezi kulipita. Waliokuwapo Ngara mwishoni mwa Aprili 1994, wakaona watu kama robo milioni wakivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, hawawezi kusoma habari za Rwanda ya zamani kwa moyo mwepesi. Watauliza: Je, kuuheshimu mji wa mfalme kulikuwa ni busara tu, au pia kulikuwa ni kuwaacha wanyonge? Hatutaki kulijibu swali hili kwa haraka. Ni kweli ya kuwa kabla ya misioni wanyonge walikuwa na mzigo, na ni kweli ya kuwa Askofu, kwa kuogopa Mengo nyingine, aliwaagiza mapadre wasiutue mzigo huo kwa nguvu. Baada yake, wakati wa Askofu Classe, misioni iliegemea sana upande wa watawala, na hilo lilikuwa jambo tofauti na kungoja. Askofu Hirth hakuwapendelea wakuu. Alikataa tu kuwa chifu mwenyewe. Lakini yule aliyelia siku ile mbele ya mlango wa misioni, akaambiwa ya kuwa shauri lake lipelekwe kwa chifu wake, hakupata faraja katika tofauti hiyo.

Na maonyo yake hayakuwa maneno ya mtu mwoga tu. Tarehe 1 Aprili 1910 Padre Loupias, mkuu wa misioni ya Rwaza katika milima ya kaskazini, alikwenda kusuluhisha ugomvi wa ng'ombe uliomhusu Rukara rwa Bishingwe, chifu mwenye nguvu ambaye hakuwa na masikilizano mema na mji wa mfalme. Padre Loupias alikuwa mtu mkubwa wa mwili, jasiri, aliyependwa na wengi, naye aliombwa asaidie shauri liishe. Maneno yakawa makali. Rukara akataka kuondoka, Padre akamshika ili asiende. Hapo mikuki ikarushwa, na Padre Loupias akafa. Wadachi wakaiadhibu nchi ile vikali, na Rukara mwenyewe alikamatwa akauawa mwaka 1912. Damu hiyo yote ilitoka katika shauri la ng'ombe.

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani ya kuwa Askofu Hirth alikuwa mtu wa kuzuia tu, asiyependa jambo lo lote lianze. Lakini liko jambo moja ambalo katika hilo mapadre wake wenyewe walimwona ana haraka mno, nalo ni upadre wa wenyeji. Wamisionari wengi wa wakati ule waliona ya kuwa Wakristu wa jana hawawezi kuwa mapadre wa kesho. Labda wajukuu wao. Wengine waliona ya kuwa fedha za misioni zinapotea kwa kuwafundisha watoto wa wakulima Kilatini. Askofu hakubishana nao sana. Alianza tu. Mwaka 1904 seminari ikawapo Rubya, katika nchi ya Ihangiro, na vijana wa Bukoba na wa visiwani wakaitwa. Vijana wachache wa Rwanda nao wakaagana na wazazi wao, wakaelekea mashariki kwa miguu, wakivuka mito na milima ya nchi hizi za mpakani, mpaka Ihangiro, mahali ambapo hata lugha ya kuomba maji iliwabidi kujifunza upya.

Twaomba msomaji afikiri kidogo juu ya mwendo huo. Wazazi hawakuelewa upadre ni nini. Walielewa tu ya kuwa kijana hataoa, hatawaletea wajukuu, tena anakwenda nchi ya mbali. Katika nchi zetu neno la kutooa si neno la kuchezea. Ukoo hufa kwa neno hilo. Askofu hakuwaambia vijana yote kwa siku moja, wala hakuwafunga kwa ahadi kabla ya wakati. Walisoma kwanza. Mwenye kutaka kurudi alirudi, na waliorudi walikuwa wengi kuliko waliobaki. Kanuni ilikuwa ngumu: Kilatini, falsafa, teolojia, sawasawa na seminari za Ulaya, wala hakukubali kuipunguza kwa sababu wanafunzi ni Waafrika. Mapadre waliomwambia ya kuwa aanzishe namna ya upadre mdogo kwa wenyeji hawakusikiwa. Hapo twaona ya kuwa upole wake haukuwa ulegevu. Alipunguza mwendo, hakupunguza kipimo.

Mwaka 1910 alipewa msaidizi, Askofu Sweens. Mwezi wa Desemba 1912 vikariati ikagawanywa tena: Nyanza ya Kusini ikawa ya Askofu Sweens, na Rwanda na Urundi zikafanywa vikariati ya Kivu. Askofu Hirth, mwenye umri wa miaka 58, akaiacha Bukoba iliyokwisha kutulia, akaichukua Kivu. Vijana wa Rwanda wakatolewa Rubya na kurudishwa kwao, na seminari ikajengwa Kabgayi. Kisha vita vikaja. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaingia Rwanda, Wadachi wakatoka, na Askofu aliyezaliwa mahali palipogombaniwa na mataifa mawili akajikuta tena chini ya bendera mpya. Baada ya vita ikaja njaa iliyoua watu wengi. Katikati ya mambo hayo, tarehe 7 Oktoba 1917, aliwapa daraja ya upadre Balthazar Gafuku wa Zaza na Donat Reberaho wa Save. Ilikuwa imepita miaka 13 tangu seminari ianze. Mwaka huohuo, huko Rubya, Bukoba na Ukerewe nazo zilipata mapadre wao wa kwanza. Zaza na Save, zile misioni mbili za kwanza, zilizoanza kwa makosa mengi, zilitoa padre mmoja kila moja.

Masista wa kienyeji, waitwao Benebikira, walianza pia kwa njia yake. Wasichana walikusanywa polepole, wakakaa miaka mingi bila nadhiri, hata mwaka 1919 wa kwanza wakaweka nadhiri. Katika nchi ambamo binti huhesabiwa kwa ng'ombe wa mahari, jambo hili lilikuwa gumu kuliko la wavulana, na lilihitaji mazungumzo mengi na baba na wajomba kuliko tuwezavyo kuyaandika hapa.

Mwaka 1921 Askofu Hirth aliacha kazi ya uongozi, mahali pake pakashikwa na Askofu Classe. Hakurudi Ulaya. Alibaki Kabgayi karibu na seminari, miaka kumi hivi, mzee asiye na amri juu ya mtu, akisali na kuwaona seminaristi wakipita. Alifariki tarehe 6 Januari 1931, sikukuu ya Epifania. Musinga hakubatizwa kamwe. Novemba mwaka uleule Wabelgiji walimwondoa katika ufalme, wakamweka mwanawe Rudahigwa, na huyo Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943. Watu wengine husema ya kuwa Askofu Hirth alishindwa kumpata mfalme. Sisi hatuoni mahali po pote katika maisha yake, baada ya Mengo, panapoonyesha ya kuwa alikuwa akimwinda mfalme. Alimpata mmoja ujanani mwake, naye Mwanga akamtosha.

Imebaki habari moja, nayo yatuhusu sisi wa Ngara na Biharamulo. Mwaka 1912, mwaka uleule ambao Askofu Hirth aliondoka Bukoba, mtoto mmoja alizaliwa huko Bukoba katika nyumba isiyokuwa bado ya Kikristu. Alibatizwa mwaka 1921, akasoma Rubya, kisha Katigondo huko Uganda, akapadirishwa Desemba 1943. Mwaka 1952 alipewa uaskofu huko Rutabo, ili aichunge vikariati mpya ya Kagera ya Chini. Huyo ni Laurean Rugambwa. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa 23 alimfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata cheo hicho katika nyakati hizi. Mwaka huohuo alihamia Bukoba, na jimbo alilokuwa nalo, lililoitwa Rutabo, likaitwa Rulenge, ndilo jimbo letu. Tangu vijana wa Rwanda walipofika Ihangiro kwa miguu hata mwaka ule ilikuwa imepita miaka 56.